Kumtumikia Mungu Kazini: Anza na Pale Pasipokaguliwa

Mkristo wa Mombasa anayefanya kazi saa nane kwa siku, siku sita kwa wiki, hutumia saa 48 kazini. Hapo hatujahesabu foleni ya feri ya Likoni wala msongamano wa Kibarani. Kanisani, hata akiwa mwanakwaya na asiyekosa maombi ya katikati ya wiki, ni nadra apite saa saba. Lakini mwulize anamtumikia Mungu wapi, naye atakutajia zile saba. Zile 48 ataziita za kutafuta unga. Nadhani hapa ndipo watu wengi waaminifu wanapochoka vibaya, uchovu ambao hata likizo haiutoi: sehemu kubwa ya maisha yao wameiacha nje ya mlango wa kanisa, huku wakingoja siku watakayoitwa kwenye huduma ndipo maisha yapate maana.

Biblia haianzi hivyo. Mwanzo 2:15 yasema Mungu alimweka mtu katika bustani ya Edeni "ailime na kuitunza", na hilo lilikuwa kabla ya anguko la sura ya tatu. Miiba na jasho vilikuja baadaye, kazi ilikuwapo tangu bustanini. Katika Kutoka 31 Mungu anamtaja Bezaleli kwa jina na kusema amemjaza roho ya Mungu katika hekima, maarifa na ujuzi, ili achonge mbao, akate vito na kufua dhahabu, fedha na shaba. Yesu mwenyewe, ukisoma Marko 6:3, watu wa kwao walimjua kwa useremala, na Luka anasema alikuwa na umri wa kama miaka thelathini alipoanza huduma. Paulo alipofika Korintho alikaa na Akila na Prisila kwa kuwa wote walikuwa washona mahema (Matendo 18:3).

Haya wengi wetu tumeyasikia mara nyingi. Kinachokosekana ni hatua inayofuata. Kesho saa mbili asubuhi, mbele ya cherehani, kaunta ya M-Pesa au shimo la msingi, nifanye nini hasa?

Maswali matatu kwenye ukurasa mmoja

Chukua daftari, uandike kazi yako kama mikono inavyoifanya, uache cheo. "Nahudumia wateja" haitakusaidia. "Napokea pesa taslimu, naangalia kitambulisho, nauliza namba, natuma, nasubiri ujumbe ufike" itakusaidia, kwa sababu kila kitendo unaweza kukishika na kukiuliza maswali. Ukipata vitendo vinane au kumi, vinatosha. Kisha kila kimoja kiulize haya.

Nani anakipokea mwishoni? Mara nyingi si bosi. Karani wa kampuni ya uwakala wa forodha anayeandika namba ya kasha anadhani kazi yake ni ya meneja, kumbe upande wa pili kuna mwenye duka Kisumu ambaye kasha lake likikwama bandarini kwa tarakimu moja iliyokosewa, ada za kuhifadhi zinaanza kumla kila siku.

Kikiharibika, nani ataumia, na lini? Hili la "lini" usiliruke. Makosa mengi ya kazini hayaumi leo. Yanauma baada ya miaka mitatu, kwa mtu usiyemjua.

Na la tatu: ni kitendo kipi kati ya hivi ambacho hakuna anayekikagua?

Swali hili la tatu ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Wakolosai 3:22 inakataza utumishi wa kuonekana tu, "si kwa utumwa wa macho, kama wajipendekezao kwa wanadamu", ndipo mstari wa 23 unaagiza: "Lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana, wala si kwa wanadamu." Kazi inayokaguliwa na msimamizi utaifanya vizuri hata kama humwamini Mungu, kwa kuwa unahofia kufutwa. Ile isiyokaguliwa ina shahidi mmoja tu. Ukitaka kujua kazi yako inakutana wapi na imani yako, anzia hapo.

Fundi na slebu

Niuchukue mfano mmoja niutazame kwa karibu. Nyumba ya ghorofa inajengwa Utange. Mwenyewe yuko Doha au Nairobi, anatuma pesa na kupokea picha kwa simu. Siku ya kumwaga slebu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, imefika.

Zege ya slebu ya kawaida huchanganywa kwa simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne, na vipimo hivyo viwe vya kisanduku kimoja kilichosawazishwa juu, visiwe vya karai moja iliyojaa kilima na nyingine nusu. Mfuko wa simenti wa kilo 50 unataka maji kama lita 25 hadi 30, na yapungue mchanga ukiwa umelowa. Hapa ndipo kazi huharibikia. Zege yenye maji mengi hutiririka yenyewe, koleo huwa jepesi, vibarua humaliza mapema. Lakini maji yale ya ziada yakikauka huacha vijitundu ndani ya zege. Kule bara, hilo ni udhaifu. Hapa pwani ni zaidi ya udhaifu, kwa kuwa hewa yetu ina chumvi. Chumvi hupita na unyevu kwenye vile vijitundu hadi kwenye chuma, chuma hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo. Zege inapasuka kutoka ndani. Umeshaona dari za majumba karibu na bahari zinavyobanduka vipande na kuacha chuma chekundu kikichungulia. Kisa ni hicho.

Chuma nacho kinatakiwa kiinuliwe juu ya mbao kwa vipande vidogo vya zege, ili kifunikwe angalau milimita 25, na karibu na bahari fundi anayejua huongeza hadi 40. Vipande hivyo visipowekwa, chuma hulala juu ya mbao, na baadaye utauona mstari wa kutu darini ukifuata kila chuma kilipolala. Mchanga wa kuchota ufuoni una chumvi yake tayari, kwa hiyo adui unamtia ndani kwa mkono wako. Halafu slebu ikishamwagwa inataka kulowa maji siku saba bila kukosa, asubuhi na jioni, na jua la Februari linataka ifunikwe kwa magunia yaliyolowa. Ikikauka haraka haifikii nguvu yake.

Sasa tazama ni wapi palipokaguliwa. Picha iliyokwenda Doha inaonyesha slebu tambarare, ya kijivu, nzuri. Maji yaliyozidi hayaonekani. Chuma kilicholala hakionekani. Siku ya sita ambayo hakuna aliyemwagilia haionekani. Wiki chache baadaye plasta imefunika kila kitu, na fundi keshalipwa.

Torati ina sheria ya ujenzi inayohusu dari. Kumbukumbu la Torati 22:8 yamwagiza mjenzi wa nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, asije akaleta damu juu ya nyumba yake mtu akianguka. Mungu anahesabu ukingo wa dari kuwa jambo lake. Kwa fundi Mkristo, basi, saa ya ibada ya siku ile ni pale anapomzuia kibarua asiongeze ndoo ya maji, na pale anapotuma mtu Jumapili jioni akamwagilie slebu. Hahitaji kuandika mstari wa Biblia kwenye kofia. Anahitaji ndoo yenye alama ya lita.

Kazi nyingine zina mahali pake pa namna hiyo, na ukishajua kuangalia utapaona upesi. Mtunza vyumba wa hoteli kule Nyali: glasi za bafuni zinaweza kufutwa kwa taulo iliyotumika zikang'aa vilevile, au zikaoshwa kwa maji moto na sabuni. Mgeni hatajua tofauti, pengine tumbo lake litajua. Fundi wa cherehani: ndani ya mshono, ukingo usipopigwa zigizaga nguo hufumuka baada ya kufuliwa mara tano, wakati mteja keshaivaa harusini akakusifu. Dereva wa matatu: breki zilizoanza kulia, ambazo zinaweza kungoja mwisho wa mwezi. Mwalimu: daftari la thelathini na nane, saa nne usiku, ambalo linaweza kupigwa alama ya vema bila kusomwa.

Gorogoro ya Kongowea

Biashara ina ugumu wa aina nyingine, kwa kuwa humo uaminifu una bei na lazima uihesabu. Wanaohubiri uaminifu bila kuuhesabu huwaacha akina mama wa sokoni peke yao na hasara.

Gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka sokoni, likiwa zima huchukua kama kilo mbili za maharagwe. Ile iliyogongwa chini ikaingia ndani huchukua pungufu, na mteja haoni kwa kuwa juu imejaa hadi inamwagika. Tuseme inachukua kilo 1.8. Gunia la kilo 90 litatoa gorogoro 45 za kweli, au 50 za kugongwa. Mwenye kipimo cha haki akiuza shilingi 300 anapata 13,500. Jirani yake mwenye gorogoro iliyogongwa anauza 270, anapata 13,500 zilezile, na wateja wanamkimbilia yeye wakidhani ni rahisi. Bei hizi ni za mfano, lakini hesabu ndiyo hiyo: wote wawili wanauza kilo moja kwa 150. Tofauti ni kwamba mmoja amemwambia mteja na mwingine amemficha.

"Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza" (Mithali 11:1). Mama anayetaka kuuishi mstari huu afanye hivi. Kwanza aipime gorogoro yake mwenyewe kwenye mizani iliyopigwa muhuri na idara ya vipimo, mara tatu, kwa maharagwe yaleyale, aandike uzito. Wengi wamerithi kopo la mtu na hawajui linapima nini. Pili, anunue mizani na kuipeleka kukaguliwa, kisha auze kwa kilo, au aiweke mizani mezani na gorogoro kando ili mteja atakaye apimiwe mbele yake. Tatu, aseme bei kwa kilo bila kuona haya: "Kwangu kilo ni 150, pima popote." Nne, ajue kwamba wiki za kwanza wateja wa kupita watampita. Wanaorudi ni wenye vibanda vya chakula, kwa kuwa hao hupika kwa hesabu na huona sufuria isipojaa.

Jambo la kuangalia zaidi ni gunia la viazi. Mengi hupangwa vizuri juu na mabovu katikati, na mara nyingi muuzaji wa soko la Kongowea hakulipanga yeye, limekuja hivyo kutoka bara. Swali ni atakapolifungua akakuta hivyo: je, atayapanga tena vilevile kwa mteja wake? Kudhulumiwa hakukupi ruhusa ya kuipitisha dhuluma kwa mwingine. Namwona anayeinyamazia hasara hiyo, akatenga mabovu na kuyauza kwa bei ya mabovu, kuwa mtu aliyeelewa Injili kuliko wengi wanaoihubiri.

Mstari huu ulisemwa kwa watumwa

Lazima nilisimamie jambo moja hapa. Wakolosai 3:23 hunukuliwa sana na waajiri. Utausikia kwenye sala ya Jumatatu ya kampuni, halafu mwezi unaisha mshahara haujaingia. Paulo aliyaandika maneno yale kwa watumwa, na katika pwani hii hatuwezi kuyasoma kana kwamba utumwa ni hadithi ya Roma. Freretown, ng'ambo ya kisiwa, ilianzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa Kianglikana wa Church Missionary Society (CMS) kuwa makao ya watu waliookolewa kutoka kwenye utumwa, na kengele yao ingalipo pale Kengeleni ambapo matatu hupita kutwa. Hali ya utumwa haikufutwa kisheria katika pwani hii hadi 1907. Wapo waumini leo ambao mababu wa babu zao walifanya kazi kwa mjeledi.

Kwa watu wa namna hiyo mstari wa 24 ndio wenye uzito: "mkijua ya kuwa mtapokea kwa Bwana ujira wa urithi." Mtumwa wa Kirumi hakuwa na urithi wowote, yeye mwenyewe alikuwa mali ya kurithiwa. Paulo anamwambia kwamba yuko mwenye nyumba aliyemwandika katika wosia. Na hapohapo, katika 4:1, anawageukia mabwana: wapeni watumwa wenu "yaliyo haki na ya adili", mkijua nanyi mna Bwana mbinguni. Anayesoma 3:23 kwa wafanyakazi wake bila 4:1 amesoma nusu ya barua.

Basi kama wewe ndiye mwajiri, hata wa mtu mmoja, utumishi wako wa kiroho unaanzia kwenye malipo. Walawi 19:13 yasema ujira wa mwajiriwa usikae kwako usiku hata asubuhi. Kibarua wa siku alipwe siku ileile, kabla hujaondoka, pesa zikiwa zimetengwa tangu asubuhi. Dada anayekusaidia nyumbani alipwe tarehe moja kila mwezi, na tarehe hiyo isingojee mshahara wako uingie. Ukijua wako huingia tarehe 2, panga naye tarehe 3 tangu mwanzo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa kila mwajiriwa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka akilipwa. Naye dada wa nyumbani yumo. Nyumba nyingi za Kikristo humpeleka dada kanisani Jumapili ili awashike watoto wakati wa ibada, kisha humrudisha nyumbani apike, na kuiita hiyo siku yake ya mapumziko. Hapo hajapumzika.

Sala zinazoingia ndani ya siku ya kazi

Mombasa ina mdundo wake wa sala. Adhana ya adhuhuri ikilia, fundi Mwislamu anaweka kando nyundo, anatawadha, anasali, anarudi. Wakristo wengi tumekuwa tukisubiri hadi tupate chumba cha faragha na saa nzima, kwa hiyo hatusali kabisa tangu asubuhi hadi usiku. Danieli, aliyekuwa na kazi kubwa serikalini, alisali mara tatu kwa siku (Danieli 6:10). Wakatoliki wana sala ya Malaika wa Bwana saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni. Kila mmoja achague utaratibu atakaouweza, lakini nashauri uwe mfupi kuliko unavyodhani unahitaji.

Asubuhi, kabla ya kugusa chombo cha kwanza, dakika mbili. Taja majina ya watu watatu watakaopokea kazi yako leo. Usipowajua, sema "abiria wa safari ya kwanza" au "watakaokula mahamri haya". Kisha taja ile sehemu isiyokaguliwa, uombe kuifanya vema. Zaburi 90:17 inatosha kuwa sala nzima: "Naam, kazi ya mikono yetu uithibitishe."

Katikati ya kazi, sala iwe ya pumzi moja. Nehemia aliulizwa swali na mfalme, akamwomba Mungu wa mbinguni, akajibu (2:4-5), yote akiwa amesimama mbele ya kiti cha enzi. Iunganishe na kitu ambacho tayari kinatokea: simu ikilia, kabla ya kuipokea, makuli akijitwika gunia, muuguzi akinawa mikono kati ya mgonjwa na mgonjwa. Usipoiunganisha na kitu utaisahau ifikapo saa nne.

Jioni, dakika tano za kuupitia mchana. Wafuasi wa Ignatius wa Loyola wamefanya hivi tangu karne ya 16. Shukuru kwa kitu kimoja mahususi. Upitie mchana kuanzia ulipofungua hadi ulipofunga, usimame pale palipokuchoma. Omba msamaha kwa hicho kimoja, usijilaumu kwa kumi. Amua jambo moja la kesho: "Nitamrudishia chenji yule mzee." Ukikuta kila jioni unasimama mahali palepale, huo si udhaifu wa sala zako, ni kazi yako inayokuonyesha kitu kinachotaka kubadilishwa, pengine bei, pengine ratiba, pengine mshirika wa biashara.

Benedikto, aliyeandika kanuni ya watawa katika karne ya 6, aliagiza mtunza ghala wa monasteri aviangalie vyombo vyote vya nyumba kana kwamba ni vyombo vitakatifu vya altare. Ijaribu na sufuria yako. Ijaribu na pikipiki: mnyororo uliopakwa mafuta, tairi lenye upepo wa kutosha, kofia ya abiria isiyonuka.

Mambo yanayoharibu

La kwanza ni kukesha. Kesha la Ijumaa likiisha saa kumi na moja alfajiri na shifti yako ya Jumamosi ikaanza saa moja, unampelekea mwajiri mwili uliolala. Anayeendesha kreni, anayeshika usukani au anayehesabu dawa hospitalini aombe ruhusa mapema, au aondoke kanisani saa sita usiku. Mchungaji mwema hatamhesabia dhambi.

La pili, kuhubiri kwa saa zilizolipiwa. Saa ya chakula ni yako. Saa tatu asubuhi, foleni ikiwa kaunta nzima, si yako. Katika mji wenye imani nyingi kama huu kuna jambo lingine pia: mwenzako Mwislamu ataipima dini yako kwa jinsi unavyogawana naye kazi nzito kabla hajasikia neno lako lolote.

La tatu ni rushwa iliyovishwa nguo za kanisa. Mtu anapata kazi au zabuni kwa kitu kidogo, kisha anasimama kutoa ushuhuda kwamba Mungu amemfungulia mlango. Watoza ushuru walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa" (Luka 3:13). Afisa anayehudumia mafaili kwa zamu, bila kuinua la aliyempa chai, ametii neno hilo. Atapoteza marafiki, na kanisa lake lijue hivyo limsaidie, hasa mwezi wa ada za shule.

La nne hutokea kwa wenye bidii: kazi ikishaitwa ibada, hawaachi kufanya kazi. Zaburi 127:2 inawaambia wanaoamka mapema na kukawia kulala kwamba wanajisumbua bure. Bandari hufanya kazi usiku na mchana, hoteli pia, na Jumapili nyingi zitaangukia zamu yako. Chukua siku nyingine katika saba na uilinde, simu ya kazi ikiwa imezimwa. Siku ya pumziko isiyo Jumapili ni bora kuliko Jumapili ambayo umekaa kanisani ukijibu ujumbe wa bosi.

Na kwa asiye na kazi, neno moja. Wengi humrushia 2 Wathesalonike 3:10, kwamba asiyefanya kazi asile. Lakini mstari huo unamzungumzia mtu asiyetaka kufanya kazi. Kijana anayetoka Mikindani kila alfajiri kwenda kusimama langoni kutafuta kibarua anataka. Maswali yale matatu yanamfaa hata yeye: anayefagia uwanja wa kanisa, anayemwogesha bibi yake aliyelala kitandani, ana mtu anayepokea kazi ya mikono yake leo.

Kanisa lifanye nini

Kanisa laweza kuanza na dakika tatu. Jumapili moja kila mwezi, aitwe mtu wa kazi moja mbele, aulizwe maswali mawili tu: unafanya nini kesho saa nne, na tukuombee kwa lipi? Zamu ziwe za kweli, ya mchuuzi wa samaki iwe na dakika sawa na ya daktari. Kwa Wakatoliki, Mei Mosi ni siku ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi tangu Papa Pius XII alipoiweka mwaka 1955, nayo ni sikukuu ya taifa ya wafanyakazi, kwa hiyo watu wako huru. Madhehebu mengine yanaweza kuitumia vilevile. Watu waje na vyombo vyao, mwiko, mkasi, stetoskopu, funguo za tuktuk, viombewe vikiwa mikononi mwao.

Mchungaji naye awatembelee watu kazini, angalau wawili kwa mwezi. Apige simu kwanza. Aende saa ya mapumziko, asizidi dakika kumi na tano, asimwombee mtu kwa sauti mbele ya wateja wake. Kwenda bandarini kunataka kibali cha kuingia, kwa hiyo wakutane nje ya lango. Sokoni afike saa tisa mchana wateja wakiwa wamepungua, kwa kuwa alfajiri ni vurugu ya malori yanayoshusha. Aombe aonyeshwe kazi inavyofanywa, aulize ni wapi inapoharibika, na anunue kitu kwa bei ileile ya watu wote.